Viuagugu, Mbolea ya Majani na Lishe ya Hindi Bichi

Somo la kilimo na lishe kwa wakazi wa kata

Hindi bichi ni chakula na ni fedha. Mkulima anayechuma mahindi yakiwa mabichi hupata kipato wiki kadhaa kabla ya yule anayesubiri yakauke, na kaya iliyoishiwa na akiba ya ghalani hupata chakula katika kipindi ambacho mambo huwa magumu. Wapo pia wenye maji ya umwagiliaji wanaolima mahindi matamu, yaani yale ya njano yenye punje laini na sukari nyingi, kwa ajili ya hoteli na masoko ya mijini. Kilimo cha aina hizi zote mbili sasa huambatana na mambo mawili ambayo wazazi wetu hawakuyatumia sana: dawa za kuua magugu, yaani viuagugu, na mbolea ya kunyunyizia kwenye majani, ambayo madukani hujulikana zaidi kwa jina la busta.

Maswali mawili hurudiwa mara kwa mara. La kwanza: je, kiuagugu huharibu lishe ya hindi tunalowapa watoto? La pili: je, ni kweli kwamba busta huongeza utamu na virutubisho kama inavyosemwa na wauzaji? Jibu kwa ufupi ni hili. Kiuagugu kilichotumiwa kwa wakati wake na kwa kipimo chake hulinda ubora wa hindi, kwa kuwa huondoa mshindani wa chakula cha mmea. Kilichotumiwa vibaya huuharibu ubora huo na huweka afya hatarini. Mbolea ya majani husaidia pale ambapo kirutubisho kinachokosekana huhitajika kwa gramu. Haiwezi kuziba pengo la kirutubisho kinachohitajika kwa kilo. Maelezo yafuatayo yanaeleza kwa nini ni hivyo, na namna ya kufanya hesabu mwenyewe kabla ya kufungua pochi.

Hindi bichi lina nini ndani yake

Gramu 100 za punje mbichi za mahindi matamu ya njano zina maji takriban gramu 76, kabohaidreti gramu 19 ambazo ndani yake sukari ni kama gramu 6, protini kidogo zaidi ya gramu 3, vitamini C takriban miligramu 7, na zinki karibu nusu miligramu. Ni chakula cha nguvu, chenye protini ya wastani na madini kidogo kidogo.

Utamu wake hutokana kwanza na urithi wa mbegu. Katika mahindi ya kawaida, sukari inayofika kwenye punje hugeuzwa kuwa wanga kwa haraka. Katika mahindi matamu, jeni inayoongoza kazi hiyo ina hitilafu ya asili, hivyo sukari hubaki kuwa sukari kwa muda mrefu zaidi. Hitilafu hiyo hujitokeza tu pale punje inapoirithi kutoka pande zote mbili, yaani kwa mmea mama na kwa chavua. Ndiyo maana shamba la mahindi matamu lililo jirani na shamba la mahindi ya kawaida hutoa magunzi yenye punje nyingi ngumu zisizo na utamu: chavua ya jirani imeingia. Dawa ya jambo hili ni umbali wa mita 100 au zaidi kati ya mashamba hayo mawili, au kupishanisha upandaji kwa wiki mbili hadi tatu ili maua yasitoke kwa wakati mmoja. Hakuna chupa ya busta inayoweza kuirekebisha punje iliyokwisha kuchavushwa vibaya.

Rangi nayo ina maana yake. Punje za njano zina luteini na zeazanthini, viambata vya rangi ambavyo jicho la binadamu huvihifadhi katika sehemu yake ya kuonea vizuri. Mahindi meupe karibu hayana viambata hivyo. Hata hivyo luteini haigeuki kuwa vitamini A mwilini, kwa hiyo mahindi matamu ya njano hayachukui nafasi ya mchicha, matembele, karoti au viazi lishe.

Protini ya mahindi, ikiwa nyingi ama chache, ina upungufu wa asidi amino mbili muhimu, lisini na triptofani. Maharage na kunde vina lisini ya kutosha. Tutaona baadaye kwamba jambo hili linahusiana moja kwa moja na uchaguzi wa kiuagugu.

Magugu hula kabla yetu

Mahindi huvumilia magugu kidogo sana katika ujana wake. Kipindi cha hatari huanza mmea ukiwa na majani matatu na huendelea hadi unapofikisha majani manane au zaidi kidogo, yaani takriban wiki ya pili hadi ya sita baada ya kuota. Ndani ya muda huo mmea hupanga ukubwa wa gunzi lake na idadi ya mistari ya punje. Magugu yakitawala wakati huo, palizi itakayofuata itasafisha shamba lakini haitarudisha gunzi lililokwisha kupangwa likiwa dogo.

Kinacholiwa na magugu si nafasi tu. Ndago, sangari, kongwe na mchicha pori hunyonya naitrojeni na maji kutoka katika udongo uleule. Naitrojeni ndiyo malighafi ya protini. Ikipungua, protini ya punje hupungua. Maji yakipungua wakati wa kutoa nywele za gunzi, uchavushaji hushindwa na gunzi hubaki na mapengo. Kwa hiyo mtu anapouliza kama kiuagugu hupunguza lishe, sharti alinganishe na hali halisi ya shamba lake. Shamba lililopaliliwa kwa jembe kwa wakati halina sababu ya kuhitaji kiuagugu. Lakini shamba ambalo nguvukazi haikupatikana hadi wiki ya saba tayari limepoteza ubora, hata kama halikuguswa na dawa yoyote.

Namna kiuagugu kinavyomgusa hindi

Viuagugu vya mahindi huua gugu na kuliacha hindi kwa sababu hindi lina uwezo wa kuivunja dawa ndani ya mwili wake kabla haijaleta madhara. Kila kundi lina njia yake. Atrazini huzuia gugu kutumia mwanga wa jua. Dawa ya 2,4-D huvuruga homoni za ukuaji za magugu ya majani mapana. Nikosulfuroni huzuia utengenezaji wa asidi amino. Mesotrioni huondoa kinga ya rangi katika majani, na gugu huwa jeupe kabla ya kufa. Glaifoseti haichagui: huua karibu kila mmea wa kijani, likiwemo hindi, kwa hiyo hutumika kusafisha shamba kabla ya kupanda tu.

Uwezo huo wa kuvunja dawa haulingani katika mbegu zote. Mahindi matamu, kwa jumla, ni dhaifu kuliko mahindi ya kawaida. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani walionesha kwamba baadhi ya chotara za mahindi matamu zina hitilafu katika jeni moja inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunja sumu, na kwamba hitilafu hiyohiyo huzifanya zidhurike na dawa kadhaa za makundi tofauti, zikiwemo nikosulfuroni na mesotrioni. Mkulima wa mahindi matamu asiazime dawa ya jirani anayelima mahindi ya kawaida kwa kuwa ameona shamba la jirani limependeza. Aulize kwanza kama mbegu yake inaivumilia dawa hiyo, kisha ajaribu kwenye mistari miwili na kusubiri wiki moja hadi mbili kabla ya kupulizia shamba zima.

Madhara ya dawa kwa mmea huonekana kwenye gunzi. Nikosulfuroni ikichelewa kupuliziwa, mmea ukiwa tayari unapanga gunzi, gunzi hutoka likiwa limebanwa katikati, lenye mistari michache ya punje. Dawa ya 2,4-D ikipuliziwa juu ya mahindi marefu hufanya mashina yawe mepesi kuvunjika kwa upepo na mizizi ya juu ikue vibaya. Ikipuliziwa wakati wa mbelewele na nywele, uchavushaji huharibika. Mmea uliodhurika hukomaa kwa kuchelewa, hivyo katika shamba moja hupatikana magunzi ya umri tofauti, na mchumaji hushindwa kupata siku moja inayofaa kuvuna yote. Hapo ndipo ubora wa lishe na wa soko unapopotea kwa pamoja.

Tahadhari nyingine inawahusu wanaoweka kwenye udongo kiuadudu chenye terbufosi wakati wa kupanda. Dawa hiyo ya jamii ya ogano-fosfeti, ambayo ni sumu kali kwa binadamu, hupunguza uwezo wa hindi kuvunja nikosulfuroni na dawa za kundi lake. Mazao mawili ya duka, kila moja likiwa salama kwa hindi linapotumika peke yake, yanaweza kuliumiza yakikutana. Weka kumbukumbu ya kila kilichoingia shambani tangu siku ya kupanda.

Utafiti umeonesha pia jambo ambalo wengi hawalitarajii. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo kwamba mahindi matamu ya njano yaliyopuliziwa mesotrioni mapema msimuni, peke yake au pamoja na atrazini, yalikuwa na luteini na zeazanthini nyingi zaidi kwenye punje kuliko yale ambayo hayakupuliziwa. Habari hii isichukuliwe kuwa ruhusa ya kupulizia dawa ili kuongeza lishe. Ongezeko la namna hiyo hutegemea mbegu na mazingira, na tofauti iliyopo kati ya punje nyeupe na punje ya njano ni kubwa kuliko chochote kinachoweza kuletwa na bomba. Inachotufundisha ni kwamba dawa inayogusa kazi za ndani za mmea inaweza kubadilisha kilichomo ndani ya punje, kwa kuongeza au kupunguza, hata pale ambapo jani halioneshi jeraha. Ndiyo sababu kipimo na wakati si mambo ya kubahatisha.

Shamba la mahindi na maharage

Kaya nyingi hupanda mahindi na maharage pamoja. Hapa uamuzi juu ya kiuagugu huwa uamuzi juu ya sahani. Atrazini, 2,4-D na mesotrioni huua au kudhoofisha maharage. Mkulima akizipulizia katika shamba la mchanganyiko ataokoa siku za palizi, lakini atapoteza mboga iliyokuwa ikikamilisha protini ya mahindi. Magunzi yake huenda yakawa makubwa zaidi huku chakula cha nyumbani kikiwa duni zaidi.

Atrazini pia hubaki kwenye udongo. Atakayepanda maharage au mboga za majani mara tu baada ya kuvuna mahindi mabichi, kama wafanyavyo wengi wenye umwagiliaji, anaweza kuziona zikinyauka bila kujua sababu. Hindi bichi hutoka shambani mapema kuliko hindi kavu, kwa hiyo dawa hupata muda mfupi zaidi wa kuisha. Dawa hii husafiri pia na maji. Umoja wa Ulaya uliiondoa kwenye orodha ya dawa zinazoruhusiwa mwaka 2004 kwa sababu ya kuonekana kwake katika maji ya ardhini. Wenye visima vifupi na mashamba yenye mteremko kuelekea mtoni wachague njia nyingine.

Kwa shamba la mchanganyiko, vipo viuagugu vya kupulizia kabla ya mazao kuota vinavyoruhusiwa kwa mahindi na kwa maharage pia. Kibandiko ndicho shahidi: yataje mazao yote mawili, ama usinunue. Kama kibandiko hakisemi, jembe lina usalama zaidi.

Siku za kusubiri kabla ya kuchuma

Kila kibandiko cha kiuatilifu hueleza idadi ya siku ambazo ni lazima zipite kati ya kupulizia na kuvuna. Kwa anayelima mahindi makavu, siku hizo hupita zenyewe, kwa kuwa zao hukaa shambani miezi minne au zaidi. Kwa anayelima mahindi mabichi hali ni tofauti. Mahindi matamu huvunwa takriban siku 70 hadi 90 baada ya kupandwa, na gunzi huchumwa siku 18 hadi 24 tu baada ya nywele kutokeza. Anayepulizia wiki ya tatu yuko salama. Anayepulizia wiki ya nane kwa sababu magugu yamemshinda anapulizia chakula kitakachokuwa mdomoni mwa mtoto kabla ya mwezi kwisha.

Maganda huzikinga punje zisiguswe na matone, lakini hayazuii dawa inayosafiri ndani ya mmea. Kuosha gunzi hakuondoi kilichokwisha kuingia ndani. Na tusisahau ng'ombe na mbuzi: mabua na maganda mabichi huliwa na mifugo siku ileile ya mavuno, na dawa nyingine zina siku zake za kusubiri kwa ajili ya malisho. Zitafute kwenye kibandiko.

Mbolea ya majani: tufanye hesabu

Jani lina uwezo wa kunyonya virutubisho, lakini mlango wake ni mwembamba. Mchanganyiko ukizidi ukali, jani huungua. Kwa urea, kiasi kinachotumika bila kuunguza mahindi ni takriban asilimia 2, yaani gramu 400 katika bomba la lita 20. Ekari moja ikihitaji mabomba manne, mkulima ametumia kilo 1.6 za urea. Urea ina naitrojeni asilimia 46, kwa hiyo jani limepewa naitrojeni takriban kilo 0.74. Mfuko mmoja wa kilo 50 wa urea uliowekwa kwenye udongo una naitrojeni kilo 23. Ili kuufikia mfuko huo kwa bomba, angelazimika kupulizia zaidi ya mara 30 katika msimu mmoja.

Hesabu hiyohiyo itumike kwa busta. Namba tatu zilizo kwenye pakiti, kwa mfano 20-20-20, zinaeleza asilimia ya naitrojeni, fosfeti na potashi. Pakiti ya kilo moja ina naitrojeni gramu 200, kiasi kilichomo katika gramu 435 za urea ya kawaida. Linganisha bei ya pakiti hiyo na bei ya chini ya nusu kilo ya urea, kisha uamue.

Sasa tuangalie zinki. Tani moja ya punje kavu za mahindi hubeba takriban gramu 20 tu za zinki. Mkulima akichanganya gramu 100 za salfeti ya zinki katika bomba la lita 20 na kutumia mabomba manne kwa ekari, amepulizia gramu 400, ambazo zina zinki ya takriban gramu 84. Kiasi hicho kina maana. Kwa kirutubisho hiki mlango mwembamba wa jani unatosha. Ili majani yasiungue, huongezwa gramu 50 za chokaa iliyozimwa kwa kila bomba, baada ya kukorogwa pembeni na kuchujwa.

Je, zinki hiyo hufika kwenye punje? Kiasi. Majaribio ya nchi nyingi yameonesha kwamba katika ngano, kupulizia zinki karibu na wakati wa kujaa punje huongeza sana zinki ya punje. Katika mahindi ongezeko ni dogo zaidi, kwa kuwa zinki husafiri kwa uzito kutoka jani kwenda gunzini. Faida kubwa ya zinki kwa hindi ni kuurudishia afya mmea ulioupungukiwa nayo ungali mchanga, ili ujenge majani ya kijani na gunzi lililojaa. Mmea usiokuwa na upungufu hautaonesha tofauti inayolipa gharama.

Kabla ya kununua chochote, soma jani:

- Majani ya chini yenye unjano wa umbo la V kuanzia nchani kuelekea katikati: naitrojeni imepungua. Weka urea au CAN kwenye udongo wenye unyevu na uifukie.
- Kingo za majani ya chini zenye unjano kisha kuungua: potashi imepungua.
- Majani ya mmea mchanga yenye rangi ya zambarau: fosforasi imepungua, au udongo una baridi au umeshikamana mno na mizizi haikui.
- Majani machanga yenye milia mipana myeupe kando ya mshipa mkuu: zinki imepungua. Hapa mbolea ya majani ndiyo tiba ya haraka.

Dalili mbili za kwanza zikionekana, busta itampa mkulima matumaini kwa siku chache na kumchelewesha kufanya linalohitajika.

Usichanganye viwili katika bomba moja

Baadhi ya watu huchanganya kiuagugu na busta ili kupunguza mzunguko wa shamba. Si busara, isipokuwa kibandiko kiruhusu wazi. Mbolea na vilainishi vilivyomo kwenye busta vinaweza kuingiza dawa nyingi zaidi katika jani la hindi na kuliunguza. Kwa upande mwingine zinki, chokaa na madini ya maji magumu huishika glaifoseti na baadhi ya aina za 2,4-D, na gugu likabaki hai.

Bomba lililotumika kwa 2,4-D lisitumike kwa nyanya, maharage au mboga. Mabaki yaliyo kwenye mpira na nozeli yanatosha kuzipinda. Mwenye uwezo atenge bomba la viuagugu peke yake. Asiye na uwezo alioshe kwa sabuni na kulisuuza angalau mara tatu, maji hayo akayamwage shambani mulemule. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa; kuoshea bomba mtoni ni kuwatilia sumu wanaochota maji chini yako.

Kupima bomba kabla ya kupima dawa

Makosa mengi ya kipimo huanzia miguuni, kwa kuwa kila mtu ana mwendo wake. Fanya zoezi hili kwa maji matupu:

1. Pima eneo la mita 10 kwa mita 10 shambani.
2. Tia maji kwenye bomba hadi alama unayoijua, kisha pulizia eneo hilo kwa mwendo wako wa kawaida.
3. Pima maji yaliyotumika. Tuseme ni lita 2.
4. Ekari moja ina takriban mita za mraba 4,000, yaani maeneo 40 kama hilo. Lita 2 mara 40 ni lita 80, sawa na mabomba manne ya lita 20.
5. Kibandiko kikisema lita 1 ya dawa kwa ekari, gawanya kwa mabomba manne: mililita 250 kwa kila bomba.

Anayekadiria kwa kifuniko cha chupa hajui anachokipulizia. Pulizia asubuhi au jioni upepo ukiwa umetulia, ukiwa umevaa mikono mirefu, glovu, viatu vya mpira na kinga ya pua na macho. Watoto na akina mama wajawazito wasikaribie. Chupa tupu isuuzwe mara tatu na kutobolewa. Isiwekwe mafuta ya taa wala maji ya kunywa. Mtu akimeza dawa asilazimishwe kutapika. Apelekwe kituo cha afya mara moja pamoja na kibandiko.

Ubora hupotea pia baada ya kuchuma

Kazi ya msimu mzima inaweza kupotea ndani ya siku moja. Katika joto la nyuzi 30, sukari ya mahindi matamu ya aina ya kawaida inayofikia asilimia 60 inaweza kugeuka wanga kwa siku moja; katika nyuzi sifuri ni asilimia 6 tu. Wengi wetu hatuna majokofu, lakini tuna alfajiri na kivuli. Chuma kabla jua halijapanda, acha maganda yake, weka chini ya mti au banda, funika kwa magunia yaliyoloweshwa, na ufikishe sokoni siku hiyohiyo. Hatua hii haina gharama ya duka, na huchangia utamu kuliko mbolea yoyote ya majani.

Muhtasari na mahali pa kupata huduma

Ubora wa hindi bichi hujengwa kwa mpangilio huu: mbegu sahihi na umbali wa kuzuia chavua ya jirani; udongo uliolishwa; shamba safi katika wiki sita za mwanzo, kwa jembe au kwa kiuagugu kinachofaa; mbolea ya majani pale tu jani linapoonesha upungufu wa zinki au madini mengine madogo; na mavuno ya alfajiri. Anayeanza na busta ameanza mwisho.

Viuatilifu husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Mbolea, zikiwemo za majani, husimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania (TFRA). Nunua bidhaa yenye namba ya usajili, kibandiko kinachosomeka kwa Kiswahili na muhuri usiovunjwa, dai risiti. Dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda haina kipimo, haina siku za kusubiri, na haina wa kuwajibika.

Afisa ugani wa kata ni mtumishi wa wakazi wote. Mfikie kabla ya kununua, si baada ya shamba kuungua. Mpelekee jani lenye dalili, jina la mbegu na chupa ya dawa unayokusudia kutumia. Kwa anayetaka kupima udongo, achukue udongo wa kina cha sentimita 20 kutoka sehemu 10 hadi 15 za shamba kwa mwendo wa zigizaga, auchanganye kwenye ndoo safi, na kutoa nusu kilo ya kupeleka, akiandika jina la shamba na mazao yaliyotangulia.

Zoezi kwa vikundi vya wakulima

1. Umepima bomba lako la lita 20 na kuona kwamba unatumia lita 3 kwa eneo la mita 10 kwa 10. Kibandiko kinataka mililita 900 za dawa kwa ekari. Je, utaweka kiasi gani kwa kila bomba? (Jibu: lita 120 kwa ekari, sawa na mabomba 6, mililita 150 kwa kila bomba.)
2. Shamba lina mahindi na maharage yaliyokwisha kuota, na magugu yameanza kujaa. Ni dawa zipi kati ya zilizotajwa hazifai kabisa, na familia itapoteza nini zikitumika?
3. Busta ya kilo moja imeandikwa 30-10-10. Ina naitrojeni gramu ngapi, na ni sawa na gramu ngapi za urea? (Jibu: gramu 300, takriban gramu 650 za urea.)
4. Mahindi matamu yametoa nywele leo. Kibandiko cha dawa unayotaka kupulizia kinadai siku 30 za kusubiri. Je, upulizie? Jadilini kwa kuhesabu siku ya mavuno.